Moshi wa Mbegu

Siku ya tatu ya msiba wa mama, watu walianza kumtaja Mama Ida.

Walianza kwa sauti ya kawaida tu. Shangazi alisema kwamba asubuhi ya siku aliyokufa mama alimwona akitoka kwenye uwanja wetu, kanga ameikunja tumboni kama aliyeficha kitu. Mtu mwingine akakumbuka kwamba mwezi Machi nguruwe wake waliingia kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya kilimo chetu huku milimani, wakafukua maharage, na mama akamwambia maneno makali mbele ya watu. Kufikia jioni kaka yangu Urbani alikuwa hasemi tena "Mama Ida". Alisema "yule mwanamke".

Nilikuwa nimekaa mkekani karibu nao. Nilijua kilichomuua mama. Nilijua tangu dakika ile nilipousukuma mlango wa jiko, na sikusema. Naandika haya ili nisije nikayakumbuka baadaye kwa namna itakayonipendeza mimi.

Mama Ida ni jirani yetu wa upande wa chini, hapa Kitura. Jina lake la ubatizo ni Kunigunda. Yeye na mama waliolewa mwaka mmoja, wakagombana na kupatana mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyekuwa anahesabu. Mama aliitwa Avelina.

Mimi ni Tadea, mtoto wa mwisho. Baada ya kidato cha nne nilijifunza ufundi wa mitambo ya gesi ya samadi kwenye mradi mmoja wa parokia. Tunachimba shimo, tunajenga kuba la matofali chini ya ardhi, tunaingiza samadi na maji, na gesi inapanda kwa bomba mpaka jikoni. Huku kwetu karibu kila nyumba ina nguruwe, kwa hiyo samadi si shida. Shida ni midomo ya watu.

"Kwa hiyo ugali utakuwa na harufu ya zizi," Mama Ida aliniambia siku nilipomaliza kujenga mtambo wa nyumbani kwetu.

"Hauna harufu yoyote, mama. Njoo unuse."

"Ninuse mimi? Mnuse ninyi mliosoma." Kisha akamgeukia mama. "Avelina, ukinialika chai nitauliza kwanza nguruwe alikula nini."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa anakohoa siku zote, kikohozi kikavu cha asubuhi ambacho sisi watoto tulikua nacho kama sauti ya jogoo. Ndicho kilichonifanya nijenge ule mtambo. Nilitaka atoke kwenye moshi. Zaidi ya hilo sikuwa na nia yoyote.

Gesi ilifanya kazi vizuri. Mama aliipenda kwa chai, kwa uji na kwa maji ya kuoga ya baba. Aliwasha kwa kiberiti kimoja, sufuria haikuwa nyeusi, na hakuna aliyetoka jikoni akifuta machozi. Lakini mafiga matatu hakuyaondoa. Aliendelea kuwasha moto wa kuni chini ya dari kila siku, na kila siku nilimwuliza kwa nini.

"Gesi yako haina moshi," alisema.

"Ndiyo faida yake, mama."

"Na mbegu yangu ataitunza nani?"

Darini alikuwa anatundika mahindi ya mbegu, yale meupe ya zamani aliyopewa na mama mkwe wake. Aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayapanga juu ya moto, na moshi wa mwaka mzima uliyafanya kuwa meusi kwa nje. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hakuyagusa. Walionunua mbegu dukani walikuwa wakimfuata mwezi wa kumi na moja, zikishindwa zao, na mama aliwapa kwa kikombe.

Mimi nilikuwa nazunguka vijijini nikiwaambia watu kwamba moshi ni adui. Nilikuwa na picha za mapafu. Sikuwahi kukaa chini nikauliza moshi unafanya kazi gani katika nyumba hizi, na kama tukiuondoa, kazi hiyo itafanywa na nani. Nilidhani mama ni mbishi. Yeye alikuwa ameuliza swali, nami sikulijibu.

Kisha kuni zikawa ngumu kupatikana. Serikali ya kijiji ilifunga kilima cha chanzo cha maji, na ilikuwa sawa, maana mto ulikuwa unakauka. Mama akawa anakwenda mbali, anarudi na matawi mabichi. Moto wa matawi mabichi ulimkohoza zaidi ya ule wa mwanzo. Nilikuwa naumia kumwona.

Kwenye kona ya barabara kubwa, malori yanayotoka mgodini hupunguza mwendo, na vipande vya makaa ya mawe huanguka. Watu huokota. Wengine huchomea matofali, wengine hupikia nje. Siku moja mwanzoni mwa Julai, nikitoka kazini, niliokota nusu kiroba, nikafunga nyuma ya baiskeli. Nilifikiri: kipande kimoja kinawaka muda mrefu, mama hatakwenda msituni wiki nzima. Mtu wa gesi nikamletea mama yangu makaa ya mawe.

"Yawashie nje," nilimwambia.

Aliwasha kipande, akainama, akanusa. "Moshi wake mchungu," akasema. "Dumuzi atasalimu amri."

Nami nikacheka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mambo mengine yote. Nilicheka, nikaingia ndani kubadili nguo.

Zamani jiko letu liliezekwa kwa nyasi. Moshi ulipenya juu, ukatoka polepole, na ukipita mbali uliona nyumba nzima inafuka. Miaka miwili iliyopita tuliweka bati na kupiga plasta ukutani. Mama akawa analalamika kwamba moshi unakimbia kwa mlango na madirisha badala ya kukaa darini. Kwa hiyo siku ya kufukiza mbegu mpya alikuwa anafunga. Aliziba dirisha kwa gunia na chini ya mlango kwa matambara, akakaa ndani kwenye kigoda akiulisha moto, na kila baada ya muda akatoka kupumua. Kwa kuni alifanya hivyo bila kudhurika. Macho yalimwasha, koo likamkereketa, na hiyo ndiyo iliyomwambia atoke.

Makaa ya mawe yakishashika, moshi unapungua. Yanabaki mekundu, yanatoa joto zuri, na hakuna kinachowasha macho. Asubuhi ile aliyofukiza kwa makaa ilikuwa ya ukungu, baridi ya Julai ambayo watu wa huku wanaijua. Nadhani mama alikaa kwa sababu palikuwa na joto.

Nilirudi saa saba mchana. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkono mmoja juu ya paja. Midomo na viganja vyake vilikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuuona kwake.

Mganga wa zahanati alifika na pikipiki. Aliuangalia uso wake, akainua kope, akaangalia mafiga. Wakati huo nilikuwa nimeshayamwagia makaa maji na kuzoa kila kitu. Sijui kwa nini nilizoa. Mikono ilifanya yenyewe.

"Mlikuwa mnawasha nini humu?" aliuliza.

"Kuni," nikasema.

Baba yangu, mzee Methodi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Siku ya nne mtu alirusha mawe juu ya bati la Mama Ida. Siku ya tano, kabla watu hawajaamka vizuri, alipanda gari la Mbamba Bay akaenda kwa binti yake Ida, aliyeolewa Kihagara, ziwani. Nyumbani akamwacha mkwe wake Luisa na mjukuu. Kuondoka kwake Urbani alikuchukua kuwa ushahidi.

"Asiye na kosa hakimbii," alisema.

Nilikuwa namenya viazi. Niliendelea kumenya.

Siku ya tisa tulianua matanga, na baada ya chakula baba mdogo Nazari akatuita ndani, wanafamilia peke yetu.

"Mwenye neno aseme hapa," alisema. "Sitaki kulisikia barabarani kesho."

"Langu ni fupi," Urbani alisema. "Mtu hafi ameketi. Hana homa, hana jeraha, hajatapika. Asubuhi amesalimiana na watu. Aliyekuwa naye mwisho tunamjua, na alitoka na kitu kwenye kanga. Kuna mtaalamu ng'ambo ya mto. Naomba ruhusa ya wazee twende."

"Mkienda huko mtataja jina," Nazari alisema. "Jina likishatajwa halirudi."

"Limeshatajwa, baba mdogo. Kilichobaki ni kulithibitisha."

Wazee walitazamana. Niliona kwamba watakubali. Hawakuwa na chuki. Walikuwa wamechoka, na mtu akichoka hukubali lolote litakalomwezesha kurudi shambani.

"Ni makaa ya mawe," nikasema.

Hakuna aliyenielewa, ikabidi niseme tena. Nilieleza juu ya kiroba, mlango, matambara, na sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto uliofungiwa. Nilisema kwamba hata mkaa wa kawaida unaitoa, na kuni pia, lakini makaa yale yanadanganya zaidi kwa sababu hayawashi macho. Nilisema mama hakurogwa. Nilisema niliyaleta mimi.

Urbani alitikisa kichwa. "Watu wanayatumia huku kila siku."

"Nje, kaka. Au mlango ukiwa wazi. Mama aliziba."

"Na wewe ndiye mtu wa gesi," shangazi alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayejaribu kunitambua.

Baba alinigeukia. "Ulimwambia mganga kuni," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa nimesimama pale." Alipapasa mfuko wa koti kama anayetafuta kitu, kisha akaacha. "Kiroba nilikiona tangu siku ulipokileta. Nilipokusikia unasema kuni, nikasema moyoni, huyu ana sababu yake. Nikanyamaza na mimi."

Akainuka, akatoka nje. Urbani naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Baba mdogo Nazari alibaki akiangalia miguu yake, kisha akaniambia, "Kesho nenda ukamlete yule mama."

Nilipanda gari alfajiri. Barabara inateremka kutoka Mbinga kona baada ya kona, baridi inabaki nyuma, na unapoanza kuliona ziwa unavua sweta. Kutoka Mbamba Bay nilichukua bodaboda mpaka Kihagara. Nilimkuta Mama Ida nyuma ya nyumba ya binti yake, anageuza usipa juu ya kichanja. Jua lilikuwa kali na samaki walishaanza kukauka, wanang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekuja kuangalia kama nimeota mkia?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa niaba ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Ida alitoka ndani na sahani, akasikia, akasimama mlangoni. Nilipomaliza, Mama Ida aliendelea kugeuza usipa mpaka mwisho wa kichanja. Kisha akafuta mikono.

"Ulijua siku ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ukasema siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Siku nane," alisema. "Siku nane mimi mchawi, na wewe unamenya viazi. Avelina nilimzalisha mimi huyo Urbani wake, mkunga alichelewa. Mawe yale juu ya bati, mjukuu wangu alijikojolea."

Niliinama nikaokota samaki aliyeanguka, nikamrudisha kichanjani.

"Ulikuwa unaogopa nini? Wewe wasingekuita mchawi. Wangekulaumu, wangelia, wangenyamaza."

"Niliogopa watasema gesi ni uongo, kama fundi mwenyewe..." Nikashindwa kumaliza. Nilikuwa nimejiambia hivyo kwa siku nane, kwamba nalinda kazi, nyumba nyingine zisikatae mitambo. Kulisema mbele yake kuliniaibisha. "Niliogopa kusema kwamba nilimuua."

Alikaa kwenye kigoda. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Unataka kujua nilibeba nini kwenye kanga?"

"Hapana, mama. Si lazima."

"Nilibeba hayohayo makaa yako. Nilimkuta anaanza kuwasha. Akaniambia, Kunigunda, moshi huu dumuzi hauwezi, chukua kidogo ukajaribu. Nikaona aibu kupita barabarani na makaa mkononi, nikafunika. Yamo kwangu jikoni, kwenye..."

Akasimama ghafla. Niliona uso wake unabadilika, na wangu nadhani ulibadilika wakati huohuo.

"Ida," alisema, "lete simu."

"Mama, nini?"

"Lete simu. Nilimwachia Luisa maagizo. Nilimwambia mahindi yakishakauka afukize, afunge jiko kama Avelina, awashe yale makaa."

Simu iliita mpaka ikakata. Ida akapiga tena. Ilikata tena. Upande wa pili wa nyumba watoto walikuwa wanacheza, na Mama Ida aliwafokea wanyamaze kana kwamba kelele zao zinazuia simu kupokelewa kule milimani. Mara ya nne Luisa alipokea. Ida aliweka sauti kubwa.

"Uko wapi?" Mama Ida aliuliza.

"Shikamoo, mama. Nipo jikoni nafukiza, ndiyo maana sikusikia. Simu ilikuwa nje, nimetoka kupumua."

"Mtoto?"

"Yuko mgongoni. Amelala vizuri leo, hata kulia hajalia."

"Mwamshe."

"Mama?"

"Nimesema mwamshe. Mfinye."

Tulisubiri. Kwanza hatukusikia kitu. Kisha mtoto alianza kulia, kilio cha kukasirika, na Ida akakaa chini palepale mlangoni.

"Kichwa kinakuuma?" niliuliza.

"Nani huyo? Tadea? Ndiyo, kinaniuma tangu asubuhi. Nilidhani ni baridi."

"Usiingie tena humo ndani. Fungua mlango kwa mti, usimame mbali. Nenda zahanati na mtoto sasa hivi, waambie ulikuwa unawasha makaa ya mawe ndani. Makaa ya mawe, Luisa. Sema hivyohivyo."

"Lakini moshi utaisha, mama ameniambia moshi usiishe."

"Uishe," Mama Ida alisema.

Tulipanda pamoja kesho yake. Kwenye gari alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma, na mpaka Mbinga hakunigeukia. Tuliposhuka na kuanza njia ya nyumbani, watu waliokuwa wanachuma kahawa walisimama kutuangalia. Baadhi walimsalimia. Wengine waliinama kwenye mibuni. Urbani alikuwa barabarani na jembe. Alipotuona alikata njia ya shambani.

Luisa na mtoto walikuwa wazima. Mganga aliwaweka zahanati mpaka jioni, na baadaye alinitafuta. "Siku ile ungeniambia, ningepita nyumba kwa nyumba," alisema.

Mama Ida hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akayakokota makaa yaliyozimika kwa jembe mpaka nje, akayafukia kwenye shimo la taka. Kisha akaniambia nipande darini. Nilimpa mahindi mawili mawili, naye aliyapanga juu ya jamvi uani. Yalikuwa mengi. Tulifanya kazi ile kwa muda mrefu, mimi juu na yeye chini, na masizi yakiniingia machoni.

"Sasa wewe mtu wa gesi," alisema hatimaye, "nikikubali shimo lako la mavi, hii nitaiweka wapi?"

Nilishuka ngazi. Nilimwambia nilivyosoma, kwamba mbegu ikikauka sawasawa juani, ikapukuchuliwa, ikachanganywa na majivu na kufungwa kwenye pipa lisilopitisha hewa kabisa, dumuzi anakufa mwenyewe kwa kukosa pumzi.

"Una hakika?"

"Mbegu hii sijaijaribu. Sina hakika."

Alichukua hindi moja, akaanza kulipukuchua. Nami nikakaa, nikachukua lingine.

Hiyo ilikuwa Julai. Sasa ni mwishoni mwa Septemba. Pipa liko chini ya kitanda chake, na lingine, la mbegu ya mama, liko chini ya kitanda cha baba. Wiki hii nimesimama mbele ya jumuiya tatu za parokia na kusema jinsi mama alivyokufa, kwa maneno haya haya, bila picha za mapafu. Hakuna aliyebisha kwamba moto ule unaua. Walichouliza wanawake, kila mahali, ni hali ya mbegu. Nyumba nne zimesema zitachimba shimo la gesi kama mbegu ya Mama Ida itaota, na zisipoona imeota zitaendelea na mafiga. Usiku na asubuhi moshi bado unaonekana juu ya mabati yao, na nikiuona natembea haraka kwenda kuangalia kama milango iko wazi.

Urbani bado anapita njia ya shambani. Mama Ida anamwacha apite. Juzi alinituma kwa baba kuuliza kama pipa lao limefunguliwa. Baba alisema hapana, na kwamba hatalifungua kabla ya mvua za kupandia.